Tarumbeta ya Pili: Jupiter Mpya, Yamaha Iliyotumika au Bach ya Mzee wa Buruburu?

"Mwalimu, niambie ukweli. Hii tarumbeta imemshinda mtoto, ama mtoto ndiye ameishinda tarumbeta?"

Mama Achieng' alinikamata mlangoni baada ya mazoezi ya Jumamosi, simu mkononi, picha nne zimeshafunguliwa. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, na shilingi 120,000 alikuwa amezitenga kwa ajili ya binti. Achieng' ana miaka 14, anapuliza mwaka wa nne sasa, na anajiandaa kwa mtihani wa muziki wa gredi ya 5. Tarumbeta yake ya kwanza ilinunuliwa mjini, haina jina la kueleweka, na pistoni yake ya tatu (pistoni ni vile vitufe vitatu vya kubonyeza) hupanda ikijisikia.

Picha ya kwanza ilikuwa tarumbeta mpya inayong'aa kama kioo, shilingi 22,000, glavu nyeupe na kitambaa vikiwa bure. Ya pili, Jupiter ya mfululizo wa 1100, mpya, ya kuagiza. Ya tatu, Yamaha YTR-4335GII iliyotumika, ambayo mjomba wa mtoto aliyeko Uingereza alikuwa ameiona huko kwa pauni 450. Ya nne, Bach Stradivarius 180S37 iliyopakwa fedha, mali ya mzee mmoja wa Buruburu aliyestaafu kwenye bendi. Mzee alitaka 130,000, "lakini tutaongea".

Wazazi wengi wa vijana wa umri huu huniuliza swali hilihili, tununue ipi, na kila mara najibu nusunusu nikiwa nimesimama nikingoja matatu. Leo nalijibu nikiwa nimekaa.

Kabla ya pesa kutoka

Nilimwomba Achieng' aniazime ala yake dakika kumi. Ndicho kipimo changu cha kwanza: mwalimu akiipuliza tarumbeta ya mwanafunzi na sauti ikatoka safi, noti zikakaa mahali pake, basi dawa ni mazoezi, si duka. Nimewahi kuwarudisha wazazi watatu nyumbani na pesa zao kwa njia hiyo, na mmoja alininunulia soda.

Ya Achieng' lakini ilikuwa imechoka kweli. Nilichomoa slaidi ya pili, yaani kipande cha bomba cha pistoni ya pili kinachoteleza nje, bila kubonyeza pistoni. Kwenye ala nzima, slaidi ikitoka hulia "pop!" kama kizibo cha chupa, kwa sababu hewa haina pa kuingilia. Yake ilitoka kimya kama soksi mguuni. Hewa ilikuwa inavuja kati ya pistoni na nyumba yake, na mtoto alikuwa anapuliza kwa nguvu maradufu ili kupata nusu ya sauti. Hilo si kosa lake.

Cha pili nilichotazama ni kipulizio, kile kikombe kidogo cha mdomoni. Watu huruka hatua hii kwa sababu ni kitu kidogo, ilhali kipulizio kipya kizuri ni sehemu ndogo ya bei ya tarumbeta, na kwa kijana wa miaka mitatu minne ya kupuliza ndicho hubadilisha mambo haraka zaidi. Tahadhari moja tu, namba zake ni mtego. Kwa Bach, namba ikipungua kikombe kinapanuka: 7C ina upana wa milimita 16.20, na 3C ina 16.30. Kwa Yamaha ni kinyume, namba ikipanda ndipo kikombe kinapanuka: 11B4 ni milimita 16.46 na 14B4 ni 16.88. Tena makampuni hayapimi mahali pamoja kwenye ukingo, kwa hiyo milimita za huyu huwezi kuzilinganisha moja kwa moja na za yule. Nimeona kijana akitoka 7C ya Bach kwenda 14 ya Yamaha akidhani anapunguza. Wiki mbili midomo ilikuwa imevimba na G ya juu ya mistari imemtoroka. Achieng' nilimwambia ajaribu 5C au 3C ya Bach, hatua moja, si kuruka ukuta.

Namba ambayo wauzaji hupenda na haina maana hapa

Ukiingia dukani utaambiwa tarumbeta ya ngazi ya kati "ina bomba kubwa zaidi". Mwambie muuzaji akuonyeshe vipimo. Kipenyo cha ndani cha bomba la Yamaha YTR-2330, ambayo ni ya wanaoanza kabisa, ni milimita 11.65. Cha YTR-4335GII ni milimita 11.65. Cha Bach Stradivarius 180S37, ambayo mpya inauzwa zaidi ya dola 3,000 za Marekani, ni inchi 0.459, yaani milimita 11.66. Mwanafunzi wa darasa la tano na mpigaji wa okestra wanapulizia kwenye bomba la upana uleule.

Upana wa beli, yaani ule mdomo mpana wa mbele, nao haujapishana kwa maana: milimita 123 kwa Yamaha zote mbili, na 122 na kitu kwa Bach. Tofauti ziko kwingine. Ziko kwenye madini ya beli na namna lilivyotengenezwa, kwenye ubora wa pistoni, na kwenye kitu ambacho wazazi hawakioni kabisa pichani: vidole vya kushoto vinashika nini.

Pete ya slaidi ya tatu, na kishikio cha ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Achieng' alipokuwa anapoteza alama.

Bomba la tarumbeta ya B bemoli likinyooshwa lina urefu wa karibu sentimita 148. Pistoni ya pili huongeza bomba la kushusha nusu toni, ambalo ni kama asilimia 6 ya urefu huo. Ya kwanza hushusha toni nzima, asilimia 12. Ya tatu hushusha toni moja na nusu, asilimia 19. Kila moja ikiwa peke yake, hesabu inakubali. Ubonyeze ya kwanza na ya tatu pamoja: unapata asilimia 31, lakini kushuka toni mbili na nusu kunadai asilimia 33 na nusu. Bomba limepungukiwa na zaidi ya sentimita 3. Ni kama fundi cherehani aliyepima pindo la gauni la mtoto kisha akalishona kwenye gauni la mama. Ndiyo maana D ya chini, inayotumia hizo mbili, hutoka juu ya sauti yake kwa kila mtu duniani, na C shapu iliyo chini yake, inayotumia pistoni zote tatu, huwa mbaya zaidi.

Dawa yake ni kuisukuma slaidi ya tatu nje kwa kidole cha pete unapofika noti hizo. Kwa kuwa bomba la slaidi linakwenda na kurudi, ukiisogeza sentimita moja na nusu umeongeza tatu. Lakini lazima slaidi iteleze kama samli, na lazima pete ikae mahali kidole cha mtoto kinafika. Ala ya ngazi ya kati huongeza kishikio cha kidole gumba kwenye slaidi ya kwanza, cha kurekebisha noti za pistoni ya kwanza na ya pili kama A na E, ambazo nazo hupanda kidogo. Ile ya 22,000 ina pete, ndiyo, lakini slaidi yenyewe ilikuwa inahitaji mikono miwili na sala.

Kuna noti nyingine watu huilaumu bure: E ya nafasi ya juu kwenye mistari, isiyo na pistoni. Hiyo hukaa chini kidogo kwenye tarumbeta yoyote, ni maumbile ya sauti yenyewe. Usiikatae ala kwa sababu hiyo.

Sasa picha nne

Ile inayong'aa naimaliza kwa sentensi chache. Pistoni zake ni laini na huchakaa upesi, vipuri vyake havijulikani vinatoka wapi, na fundi mzuri huikataa kabla hujafungua kesi. Achieng' anayo moja tayari. Kununua ya pili ni kuhama chumba kibovu kwenda chumba kibovu kilichopakwa rangi. Mzazi mwenye 22,000 tu ni afadhali atafute Yamaha 2330 iliyotumika ya kijana aliyeacha muziki, au angoje zamu nyingine ya chama.

Jupiter ni kampuni ya heshima. Ni jina la KHS ya Taiwan, iliyoanzishwa 1930, na kampuni hiyohiyo hutengeneza tarumbeta za XO kwa wapigaji wa kulipwa, kwa hiyo si watu wa kubahatisha. Mfululizo wa 1100 uko juu ya 700 ya wanaoanza, na niliyowahi kuishika ilikuwa imara, pistoni nyepesi, inapulizika kwa urahisi. Ubaya ni mbili. Mpya inapita dola 1,000 huko nje, yaani zaidi ya shilingi 130,000 kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Pili, ukitaka kuiuza hapa Nairobi baada ya miaka mitatu, wanunuzi wataiangalia kisha wakuulize, "Huna Yamaha?" Si haki, lakini soko ndivyo lilivyo. Ingekuwa iliyotumika, kwa bei ya chini, ningeipigania.

Zikabaki mbili, na hapo ndipo tulipoumiza kichwa.

Yamaha 4335 na Bach Strad, bega kwa bega

Beli la Yamaha 4335GII ni la kile kinachoitwa shaba ya dhahabu. Haina dhahabu hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 85 na zinki 15, wakati shaba ya njano ya kawaida ni 70 kwa 30. Sauti hutoka nzito kidogo, ya joto, hasa ukipuliza polepole. Kwa mtoto anayepiga kanisani, kwenye kundi dogo na mbele ya mtahini, inamsamehe mengi. Kwa gwaride la nje, upepo unavuma na ngoma zinaunguruma, beli la shaba ya njano hukata vizuri zaidi. Wapo wanaosema tofauti hii ni ya kichwani tu. Mimi naisikia, lakini nakubali kwamba mpigaji huichangia kuliko madini.

Pistoni zake ni za moneli, mchanganyiko wa nikeli na shaba usioshika kutu haraka. Upulizaji wake ni mwepesi: hewa inaingia, noti inatoka, hakuna ubishi.

Bach ni hadithi nyingine. Vincent Bach alizaliwa Austria mwaka 1890, akasomea uhandisi, akawa mpigaji tarumbeta, kisha mwaka 1918 akaanza kutengeneza vipulizio jijini New York. Tarumbeta zilifuata. Mwaka 1961 aliiuza kampuni kwa Selmer, na baadaye kazi ikahamia Elkhart, Indiana. Neno Stradivarius ni jina la modeli tu, la kuazima kwa yule fundi wa fidla wa Italia, ambaye hana mkono kwenye tarumbeta hizi. Namba 37 ni umbo la beli, linalofuliwa kwa nyundo kutoka bati moja. Sauti yake ina kiini, inafika nyuma ya ukumbi bila kupiga kelele. Lakini inadai. Inarudisha upinzani mdomoni, na mtoto asiye na pumzi ya kutosha huchoka nayo ukurasa wa pili. Kijana wa miaka 17 anayelenga okestra au kuingia bendi ya jeshi ama polisi, ningemwambia auze baiskeli. Mtoto wa miaka 14 wa gredi ya 5, nasita.

Jumapili mchana tulikwenda Buruburu. Mzee alitukaribisha vizuri, chai ya maziwa na mandazi, kisha akaifungua kesi taratibu kama anayemfunua mtoto aliyelala.

"Hii, kijana," akaniambia, nami nina mvi, "imepiga Jamhuri Dei nyingi kuliko miaka yako ya kupuliza."

Nilimwamini. Niliipuliza, na kwa dakika mbili nilisahau kwamba nilikuja na mteja. Kisha nikakumbuka kazi yangu. Slaidi ya tatu ilikuwa imeganda. Beli lilikuwa na mstari wa kukunjwa uliopigwa pasi ukanyooka nusu. Nikawasha tochi ya simu na kuangalia ndani ya bomba la mdomoni, lile la kwanza kupokea pumzi, nikaona madoa mekundu ya waridi yenye kitone cheusi katikati. Huo ndio uozo mwekundu: mate yameila zinki, ikabaki shaba yenye vinyweleo. Nje panaonekana fedha safi, ndani bomba linageuka biskuti. Pistoni zilikuwa zimelegea, na kuzijaza upya ni kazi ya karakana maalum nje ya nchi inayogharimu mamia ya dola. Bomba jipya la mdomoni, kung'oa slaidi, kunyoosha beli: ongeza yote hayo juu ya 130,000, kisha uhesabu ni chama ngapi.

Suala la fundi ndilo lililonifanya niamue. Bendi nyingi na shule nyingi hapa jijini zina Yamaha, kwa hiyo springi, vifuniko na vipande vya feliti vya Yamaha hupatikana, au hukopwa kwa rafiki hadi vya kwako vifike. Bach hupata huduma pia, lakini unasubiri. Na ukikosea fundi unalia. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa jamaa mmoja mjini tarumbeta yangu abandike kiungo kilichoachia. Alitumia moto wa kuunganishia mabomba ya maji. Kiungo kilishika, lakini laka, ule mpako angavu unaokinga shaba, iliungua inchi nne kila upande, na hadi leo ala hiyo ina kovu la rangi ya chai.

Kama unakwenda kuangalia iliyotumika

Mimi huenda asubuhi, na huipuliza dakika kumi kabla ya kuwasha programu ya kupima sauti kwenye simu. Julai, baridi ya Nairobi hushusha sauti ya ala yoyote hadi bomba lipate joto, na wapo wauzaji na wanunuzi wanaogombana bure kwa sababu ya hali ya hewa. Baada ya hapo ni yale niliyoyafanya Buruburu: tochi bombani, slaidi zote nne zitoke kwa mkono, "pop" isikike, pistoni zisicheze ubavuni ukizisukuma kwa kidole zikiwa zimenyanyuliwa. Namba ya utambulisho wa Yamaha huchongwa kwenye nyumba ya pistoni ya pili. Muuzaji wa mtandaoni akikataa kuipiga picha, funga mazungumzo. Vibonyeo vidogo kwenye beli visikutishe, lakini kibonyeo kwenye bomba la mdomoni au kwenye nyumba ya pistoni ni kesi nyingine.

Laka au fedha? Achieng' alitaka fedha kwa sababu inapendeza kwenye picha. Fedha hudumu dhidi ya jasho la mkono, lakini huwa nyeusi na inadai kusuguliwa. Laka haidai chochote hadi ianze kubanduka. Chukua iliyo nzima. Vumbi la Januari na Februari litaziharibu zote mbili sawasawa usipoosha ndani kwa maji vuguvugu kila mwezi na kutia mafuta kwenye pistoni kabla ya kupuliza.

Neno kwa wa Jeshi la Wokovu, kwa sababu wapuliza shaba wengi wa jiji hili walianzia huko: muulize kwanza bandmasta. Bendi zenu hutumia koneti. Vidole ni vilevile na sauti ni ya B bemoli ileile, lakini umbo na mlio ni tofauti, na kijana akifika mazoezini na tarumbeta mpya anaweza kuambiwa airudishe kwenye kesi.

Tulivyofanya

Pauni 450 zilikuwa karibu shilingi 77,000 siku hiyo. Mjomba aliombwa picha sita zaidi, zikiwemo ya ndani ya bomba la mdomoni na ya namba. Akampigia muuzaji simu ya video, nami nikamwongoza nikiwa mtaani Umoja: chomoa ile, hapana, ile ndogo, sasa sikiliza. Ililia. Akalipa.

Alikuja nayo Agosti kama mzigo wa mkononi. Uwanjani afisa wa forodha aliifungua kesi, akaitazama, akamuuliza mjomba kama anaweza kupiga wimbo mmoja. Hawezi. Wakacheka, wakamalizana.

Mama Achieng' alibaki na zaidi ya 40,000. Tulitoa humo kipulizio cha 5C, mafuta, brashi na usafishaji kamili kwa fundi ambaye sasa namwamini, zilizobaki akazirudisha kwenye ada. Ile ya zamani hatukuiuza, ni ya mvua na ya kuazima wadogo.

Bach ya mzee ilichukuliwa na mpigaji mmoja wa harusi aliyekuwa na fundi wake na subira yake, kwa 85,000. Nilimsindikiza kuichukua, chai ikaja tena.

Na Achieng', Jumamosi ya kwanza, alishuka hadi D ya chini, akasukuma kidole cha pete bila kuambiwa. Mshale wa programu ukasimama katikati, ukatikisika kidogo kushoto alipoishiwa na pumzi.